Barua ya wazi kwa vijana wa kamati za ujenzi wa makanisa mijini

Wanangu,

Nasikia mnavutana juu ya mnara na spika. Sina ugomvi na mnara. Ila mnaposema kanisa la mwanzo lilienea kwa mahubiri motomoto tu, hapo mzee wenu anaomba nafasi: lilienea pia kwa kuwatunza wanyonge.

Roma ya wakati ule ilijaa wageni waliohamia bila ndugu. Ukiugua huna wa kukuuguza, ukifa huna wa kukuzika. Januari 250 askofu Fabian alikufa katika mateso ya Kaisari Decius, na kiti chake kikakaa wazi zaidi ya mwaka. Mwaka 251 mrithi wake, Cornelius, akamwandikia Fabius, askofu wa Antiokia, kwamba kanisa la Roma lina mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 linaowatunza. Mchungaji amekufa, waumini wengine wamemkana Kristo kwa woga, na bado kuna mtu anayejua wajane ni wangapi!

Tauni ilipoingia Aleksandria miaka hiyohiyo, askofu Dionysius aliandika kwamba Wakristo wengi waliwauguza wagonjwa hadi wakafa nao. Ni askofu anayewasifu watu wake, kwa hiyo msomeni kwa tahadhari. Lakini kuuguza kwenyewe, hata kwa maji na chakula tu, kuliokoa watu.

Ninaoupenda zaidi ni ushahidi wa Cirta, mji ambao leo ni Constantine huko Algeria. Mwezi Mei 303 maofisa wa serikali walivamia nyumba ya ibada wakaorodhesha mali. Vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, sawa. Halafu kanzu za kike 82, za kiume 16, viatu vya kike jozi 47. Hizo si mali za madhabahuni, na sioni zilikuwa za nani kama si za maskini. Askofu wao hakuwa shujaa, alikaa kitini vitu vikitolewa. Stoo yake lakini ilikuwa na viatu.

Basi kikao kijacho anzeni na daftari la wajane, na yasomwe majina, si idadi. Mama aliyelazwa atembelewe wiki hiyohiyo, na atajwe nani anakwenda. Pasipo daftari, mhazini aanze kuliandika kabla hamjaita fundi wa mnara. Mchango wangu wa mnara nitauleta daftari hilo likishasomwa.

Mzee wenu