Miguu ya boti yangu imechoka: niitengeneze, ninunue mingine, au niachane nayo?

Ndugu mhariri, ndugu wasomaji,

Nawasalimu kutoka Goma. Boti yangu iko juu ya magogo hapa Keshero, miguu yake miwili imefunguliwa na kulazwa kwenye turubai, na watu watatu wananivuta kila mmoja upande wake. Wote wana hoja. Naomba mawazo ya mtu asiye na faida yoyote katika uamuzi wangu.

Boti ni ya fiberglasi, ya mwaka 1998, urefu wake mita nane na nusu. Niliinunua pamoja na yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, anayekaa Bukavu, ikiwa imeshafanya kazi miaka mingi pwani ya Tanzania. Tunaikodisha kwa wafanyabiashara wanaokwenda kisiwa cha Idjwi, wageni, na familia zinazowahi matanga au harusi Bukavu. Ina moteri mbili za petroli, MerCruiser V6 za lita 4.3, nguvu za farasi 190 kila moja. Kwa wasioijua aina hii: moteri inakaa ndani, na nje ya ukuta wa nyuma kuna mguu wenye giya unaoshuka majini na kubeba pangaboi. Mguu huohuo ndio unaopinda kulia na kushoto kuongoza boti. Yangu ni Alpha One ya kizazi cha pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1991.

Tulipomwaga oili ya giya, ya mguu wa kulia ilitoka kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Hilo peke yake halikunitisha, sili inayozuia maji ni mpira, na mpira huchoka. Kilichonitisha ni wa kushoto. Skrubu ya kumwagia oili ina sumaku kwenye ncha. Ile ya kulia ilikuwa na grisi nyeusi laini tu, jambo la kawaida kwa giya zilizofanya kazi. Ya kushoto ilikuwa imeshika vipande. Kimoja nilikiweka kiganjani: upande mmoja unakwaruza, upande mwingine unang'aa. Ni kona ya jino la giya. Kisha tukatoa pangaboi la mguu wa kulia, nikapitisha ukucha juu ya shafti pale sili inaposugua, ukanasa kwenye mfereji. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji ule itavuja tena muda si mrefu.

Na alumini imeliwa. Boti ilikuja na anodi za zinki, yaani vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe badala ya mguu; za zinki ni za bahari ya chumvi. Kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, kama haya ya Ziwa Kivu zinki hujifunika utando na kuacha kazi, na kinachoanza kuliwa ni mguu wenyewe. Inayofaa kwa maji baridi ni anodi ya magnesi. Mguu wa kushoto una vishimo hata ndani ya tundu ambamo sili na beringi hukaa. Wa kulia vishimo viko nje tu.

Sasa wale watatu.

Fundi wangu anataka kutengeneza yote miwili. Ni mtu mzima, namheshimu, boti nyingi za hapa zinatembea kwa mikono yake. Ananiambia, "Mukubwa, chuma hakifi, kinachokufa ni mpira." Amenipigia hesabu ya dola 1,400: sili, beringi, krosi za shafti (maungio yanayoiruhusu kupinda), feni za pampu ya maji, na ile mipira ya mikunjo inayofunika krosi. Hiyo mipira haina mjadala, iwe nimetengeneza au nimenunua. Iko chini ya usawa wa maji, na ukipasuka mmoja ziwa linaingia moja kwa moja ndani ya boti. Shaka yangu ni giya za kushoto. Jino likivunjika hubadilishi giya moja, unabadilisha jozi, na jozi hupangwa kwa visahani vyembamba ambavyo unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Vipimo hivyo fundi hana. Nilipomuuliza atapangaje, alisema atazungusha kwa mkono na kusikiliza. Kwa Yamaha ya farasi 40 ya pirogi, yaani mtumbwi, namwamini akiwa amefumba macho. Kwa hili, sijui.

Yaya wangu amepata mguu uliotumika Kampala, dola 700, na muuzaji ameapa kwamba ni Alpha One uleule. Ni kweli ni uleule kwa sura. Nikaomba picha ya stika ya ubavuni: imeandikwa 1.47. Yangu imeandikwa 1.81, maana yake moteri huzunguka mara 1.81 ili pangaboi lizunguke mara moja. Moteri ikiwa kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika, pangaboi langu linazunguka kama 2,430. Kwa mguu wa Kampala lingezunguka karibu 2,990. Huo ni mguu wa moteri kubwa, kwa kawaida V8. V6 yangu ingesukuma mzigo usio wake, isifike mizunguko inayotakiwa, ichemke na kunywa mafuta. Tena sisi tuko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda moteri ya kaburetta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu, kwa hiyo hapa Goma asilimia 15 hivi imeshaondoka kabla sijapakia hata gunia moja. Na huwezi kuweka 1.47 kushoto na 1.81 kulia. Nimemweleza yaya kwa simu, akanijibu kwamba nasoma sana.

Wa tatu ni shemeji. Yeye anasema ng'oa kila kitu, ziba matundu, funga Yamaha mbili za nje: vipuri vinapatikana, na kijana yeyote bandarini anazijua. Hilo la vipuri ni kweli tupu. Tangu uwanja wetu wa ndege ufungwe Januari 2025, kifaa chochote kinachotoka mbali kinateremka Mombasa au Dar es Salaam, kinapanda barabara hadi Gisenyi upande wa Rwanda, na kila mpaka una bei yake. Lakini Yamaha ambazo kila kijana anazijua ni za farasi 40. Mbili ni 80. Mimi natoa 380! Boti nzito namna hii haitanyanyuka juu ya maji, itajikokota hadi Bukavu kama kilomita 100, na abiria aliyelipia mwendo wa haraka hatarudi. Zile kubwa za farasi 150 ni bei nyingine kabisa, na vipuri vyake navyo vinaagizwa kutoka mbali.

Mimi mwenyewe naegemea hivi: mguu wa kulia utengenezwe, maana giya zake ni nzima, na wa kushoto ununuliwe mpya, wenye 1.81, katika ile inayotengenezwa na viwanda vingine kwa kuiga Alpha. Nimeambiwa dola 2,000 kabla ya usafiri. Fedha ni ya mke wangu, mgao wake wa mwisho wa mwaka kutoka AVEC, kikundi cha wamama cha kuweka akiba na kukopeshana.

Na yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume wote watatu hawakuliuliza. "Miguu hiyo inashikiliwa na nini?" Inashikiliwa na ukuta wa nyuma, ambao ndani ya fiberglasi ni mbao, nazo ni za 1998. Nikachukua mpini wa nyundo nikagonga. Juu sauti ni kavu. Kona ya chini kushoto sauti inazama. Sijatoboa bado. Mke wangu anasema nikikuta mbao zimeoza, mgao wake unabaki kwenye sanduku la wamama, na sina la kumjibu.

Kuna jambo moja lisilonisumbua kuamua. Yaya anataka wakati tunasubiri tuirudishe majini kwa moteri ya kulia peke yake, tupeleke abiria Idjwi tu, "ni karibu". Nimekataa. Tangu boti iliyotoka Minova izame mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma tarehe 3 Oktoba 2024, watu wanauliza kuhusu makoti ya kuokolea kabla ya kuuliza nauli. Moteri mbili nilizinunua ili moja ikifa katikati ya ziwa nyingine inirudishe. Yaya amekasirika, tutaongea atakapofika.

Wasomaji wangu, hasa mlioko Kigoma, Mwanza, Mombasa, mahali ambapo boti kama hizi ni nyingi: mguu wa kuiga umewahi kufanya kazi ubavuni mwa mguu wa asili kwa muda mrefu, bila mmoja kumchosha mwenzake? Kuna aliyefunga mkono wa chuma, yaani bomba jembamba la kufunika mfereji, kwenye ile shafti, sili ikashika? Na kwa ule ukuta: nikitoboa, nitoboe wapi, kwa ndani au kwa nje, na unyevu wa kiasi gani unamaanisha kwamba mbao zimekwisha na si kwamba zimelowa tu? Fundi anasema nisubiri zikauke. Mimi nadhani kitu kilicholowa miaka mingi hakikauki kwa wiki mbili za jua la Keshero, lakini naweza kusahihishwa.

Jibuni kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu yule wa Kampala ananipigia kila asubuhi.

Mwenye boti, Keshero, Goma