Wilder, Kidau na kimya chako

Tanga, 9 Juni 2024

Ndugu yangu Athumani,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, mama anakusalimia, goti lake bado lile lile. Tangu Idi hujaandika na mimi sijaandika, basi yaishe. Leo nakuandikia kwa sababu nimezidiwa hoja, tena na Kidau!

Ni habari ya Deontay Wilder, yule bondia Mmarekani wa uzito wa juu. Kapigwa hukohuko Riyadh unakoishi, usiku wa tarehe 1, na wewe hata neno. Sisi tulikuwa kibanda umiza cha Makorora, tumebanana. Raundi ya tano Zhang, yule Mchina, akamkuta na konde la kulia, jamaa akageuka mzima mzima, mgongo kwa adui, na kabla hajarudi sawa likamfikia jingine. Akaamka, ndiyo, lakini mwamuzi alimtazama machoni akamaliza kazi. Na watu wakacheka. Kidau akapanda juu ya benchi: "Niliwaambia, huyu si bondia, ni bandia!" Tangu siku hiyo kila nikipita kijiweni naimbiwa hilo.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno ya Kidau ni kweli. Mapambano 32 ya mwanzo, yote KO, yaani mpinzani hakumaliza, hata moja halikuvuka raundi ya nne. Sasa mtu anajifunza nini hapo? Huyu alivaa glovu akiwa na miaka kama 20, baada ya kuzaliwa binti yake mwenye mgongo wazi, anatafuta hela ya matibabu. Mwaka 2008 tayari ana shaba ya Olimpiki ya Beijing. Kipaji cha namna hiyo ukikipa miaka ya kupiga watu wanaoanguka wenyewe, umekidhulumu. Kwa Stiverne, bingwa wa wakati huo, Januari 2015, alienda raundi zote 12 akitumia jab, ile ngumi ya mbele ya kunyoosha, vizuri kabisa, akachukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC kwa pointi. Nilidhani tumepata bingwa kamili. Baadaye ile jab akaiweka kabatini, maana mkono wa kulia ulikuwa unalipa bila jasho.

Lakini bandia? Kuutetea mkanda mara kumi, na Ortiz, yule Mkyuba, akiwa humo mara mbili wakati wengine wanamkwepa? Lile la kwanza, Brooklyn 2018, raundi ya saba Wilder alikuwa amekwisha, miguu imemkataa. Raundi ya kumi ni Ortiz aliyekuwa chini. La marudiano alikuwa anapoteza kwa majaji wote watatu, akasubiri, akasubiri, konde moja raundi ya saba, kwisha. Kidau anaita bahati. Bahati ya mara 42 katika ushindi 43?

Halafu pambano na Anthony Joshua wa Uingereza, lisilofanyika. Hilo sitawasamehe wote wawili. 2018 mmoja ana mkanda mmoja, mwenzake ana mitatu, wote hawajapigwa, na watu wao wakabaki kuvutana kuhusu mgao mpaka chakula kikapoa. Ilipofika Desemba mwaka jana, wakawekwa usiku mmoja hapo kwenu ili wakishinda wakutane, Wilder akapoteza kwa Parker, tena kwa pointi nyingi, karibu hatupi mkono. Ile ndiyo iliyoniogopesha kuliko ya Zhang. Mtu akipigwa akianguka unaelewa. Mtu anayeuona upenyo na mkono hautoki... Ana miaka 38, sijui.

Na ile ya vazi! Februari 2020 kapigwa na Tyson Fury, Mwingereza mwingine, raundi ya saba, kona yake ikatupa taulo, anatoka anasema vazi la kuingilia ulingoni lilikuwa na kilo zaidi ya 18, likamchosha miguu. Kisha akamfukuza kocha wake Breland, aliyetupa taulo, yaani aliyemwokoa. Mimi mpenzi wake nilitamani kujificha.

Ndiyo maana narudi kwenye pambano la tatu la Wilder na Fury, Oktoba 2021. Kaangushwa raundi ya tatu, watu wanavaa viatu waondoke. Ya nne kamwangusha Fury mara mbili. Ya kumi kaanguka tena, kaamka, na mwisho wa raundi bado anarusha ngumi. Mpaka ya 11 ndipo ilipoisha. Hakuwa na mkanda wa kutetea na visingizio vyote vilikuwa vimemwishia. Mimi nikiulizwa Wilder ni nani, nitaonyesha usiku huo aliopigwa, na mtetezi wake yeyote anayeanza kwa kuhesabu KO anampa Kidau nafasi. Si wa kuwekwa na Ali wala Holmes, hilo nakubali. Ila katika waliowahi kupiga kwa mkono mmoja, nitajie watano waliomzidi.

Mtoto wa dada ameanza mazoezi, unamjua, yule mrefu. Namshikia pedi jioni. Jab yake ikitoka inarudi kiunoni, kulia ndiko anakokupenda. Amebandika picha ya Wilder ukutani na tangu tarehe 1 hajaiondoa.

Sasa niambie: ulipata tiketi au ulikuwa zamu? Kama uliingia, zile kelele zilikuwa za Zhang au za Wilder? Ungekuwa kwenye kona yake ungemwachia apigane tena? Vipi Fury na Usyk mwezi uliopita, nayo ulikosa, wakati iko mlangoni kwako? Glovu za aunsi 16 huko ni bei gani, zile za kufunga kwa kamba? Likizo ni lini, au bosi bado anakuzungusha? Na ile pesa ya Kidau utamlipa, au niendelee kumwambia simu yako imeharibika?

Wako,
Rashidi