RISALA YA WANAKIKUNDI WA BUSTANI YA UTENGAMAO KWA MGENI RASMI, DODOMA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kituo,
Wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo,
Wazazi, walezi na ndugu wanachama,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha majukumu mazito ya Serikali ukaja kuketi nasi chini ya mwarobaini huu. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kiliundwa na watu wenye ulemavu, walezi wao na wahudumu wa kituo hiki, kwa lengo la kuyatoa mazoezi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, ndani ya kuta na kuyapeleka bustanini. Historia yetu ni ndefu ila muda wako ni mfupi, kwa hiyo tunaiishia hapo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumejenga vitanda viwili vya bustani vilivyoinuliwa, vyenye uwazi wa sentimita 70 kwa ajili ya magoti ya anayetumia kiti mwendo, na juu yake udongo wa kina cha sentimita 15, unaotosha kabisa mchicha, figiri na mnanaa. Upana wake ni sentimita 60 tu, kwa kuwa aliyeketi akinyoosha mkono kupita hapo hulazimika kuupinda mgongo. Tumepandisha mizabibu kwenye kichanja, waya wake ukiwa sentimita 110 kutoka ardhini. Aliyepata kiharusi akishika mkasi wa kupogolea anazoeza kiganja, na akichuma zabibu anazoeza bega, na Dodoma yetu huvuna mara mbili kwa mwaka. Tumeng'oa ua wote wa mnyaa, maana utomvu wake unaumiza macho na asiyeona hutembea akipapasa. Penye kona tumepanda mchaichai na mrehani ili harufu imwelekeze. Wataalamu waliopo hapa ni mashahidi kwamba kazi hii ni tiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bustani hiyo iko mita 120 kutoka chumba cha mazoezi, na katikati ni mchanga mtupu. Hilo ndilo lililotufanya tukuite.

Kiti mwendo hubeba uzito mwingi kwenye magurudumu makubwa ya nyuma, lakini ni yale madogo ya mbele yanayozama. Yakizama, kiti husimama ghafla na aliyeketi hurushwa mbele. Wenye magongo nao huzama. Matokeo yake, wanaofika bustanini ni wale wenye mtu wa kuwabeba au kuwasukuma, na wengine huitazama dirishani.

Jambo hili si geni kwa meza kuu. Limesomwa katika risala zilizotangulia, likapigiwa makofi, na waheshimiwa waliokaa kwenye kiti hicho wakaahidi, mmoja saruji, mwingine greda. Saruji hatujaiona. Greda lilikuja, likasawazisha sehemu ya kuegesha magari, likaondoka. Baadaye tulimwagiwa kifusi cha moramu, tukashukuru kwa moyo wote, lakini hakikushindiliwa wala hakikuchimbiwa mfereji. Mvua za Desemba zilikichana makorongo, na sasa njia ni mbaya kuliko mchanga wenyewe. Tunaomba kwa heshima tusiletewe kifusi kingine.

Tunachoomba ni njia ya zege yenye urefu wa mita 120, upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 10. Upana huo unakiwezesha kiti mwendo kugeuka mahali popote. Hiyo ni mita za ujazo 18 za zege, na kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne inahitaji takribani mifuko 120 ya saruji ya kilo 50, mita za ujazo 9 za mchanga na 17 za kokoto. Uchimbaji, ushindiliaji na maji ya kumwagilia zege siku saba tutabeba sisi.

Fundi atakayeletwa tunaomba asikilize haya kabla hajashika koleo. Uso wa zege uchanwe kwa ufagio, kwa kukata upande wa mwendo. Ukilainishwa, gongo litateleza siku ya mvua. Viungio viwe vyembamba, kwa sababu mtikisiko mdogo tu huamsha mkakamao wa misuli kwa aliyeumia uti wa mgongo. Mwinamo wa kando usizidi sentimita 2 kwa kila mita 1. Unatosha kumwaga maji, na ukizidi hapo kiti huvutwa pembeni muda wote. Ukingo wa sentimita 10 uwepo pande zote mbili ili fimbo nyeupe iuguse.

Mlangoni pa chumba cha mazoezi kuna kimo cha sentimita 60. Mteremko uliopo una urefu wa mita 3, yaani moja kwa tano, na hakuna mtumiaji wa kiti mwendo anayeupanda peke yake. Wajenzi walitimiza mchoro kwa jina. Unatakiwa moja kwa kumi na mbili, ambayo ni mita 7.2, wenye sehemu bapa ya mita 1.5 juu na chini. Mikono ya kushikia iwe ya mbao, kwa sababu chuma cha Dodoma saa saba mchana humuunguza asiye na hisia viganjani bila yeye kujua.

Kivuli nacho ni sehemu ya ombi hili. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoi jasho chini ya jeraha, hivyo joto humzidi upesi. Ndugu zetu wenye ualbino hawawezi kukaa juani. Kila mita 30 tunaomba benchi lenye kimo cha sentimita 45 na pa kuegemeza mikono, na pembeni yake nafasi ya kiti mwendo. Miche ya mwarobaini tunayo. Mikrismasi tusiletewe, mizizi yake hupita juu juu na itainua zege.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ile asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu tunaifahamu na tunaishukuru, lakini ni mkopo wa biashara. Njia ya kituo cha umma haiwezi kurejesha marejesho.

Kwa hiyo tunaomba, kabla hujaondoka, ahadi yako iandikwe katika kitabu cha wageni, pamoja na ofisi itakayoifuatilia na tarehe, nayo iwe kabla ya Desemba. Kitabu kipo mbele yako na kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.