Salamu za Krismasi kwa Ndugu wa Mwambao

Wazee wangu shikamooni. Na ninyi nyote wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma na Ujiji hadi Karema, Kipili na Kasanga, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Mvua za Desemba zikianza kupiga mabati, namkumbuka mama akiandika barua ya sikukuu kwa taa ya chemli, maana kesho yake meli ya Liemba inaondoka. Barua akiikunja, aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akapiga mafundo mawili, akaisokomeza ndani ya furushi pamoja na sukari na kitenge cha bibi. Asubuhi alimkabidhi abiria anayeshuka Karema. Stempu hakununua.

Kwa bibi hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi hata kama ni saa nane za usiku, na mitumbwi ikaifuata. Nilipopelekwa likizo niliyaona kwa macho yangu: mtumbwi unapanda na kushuka na wimbi, baba mmoja kashika kamba kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapokea mtoto, kisha kuku, kisha furushi letu. "La nani hili?" akauliza. Nusu ya mtumbwi ikamtaja bibi kwa jina.

Meli yenyewe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaundwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, ila kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa letu. Mafundi wale hawakumjua bibi yangu, lakini kila Desemba nawashukuru kwa grisi ile.

Mwaka 2018 ilisimama, ikisubiri matengenezo. Siku hizi pesa na salamu zinafika kwa simu kabla chai haijapoa, na ninafurahi. Kitenge je? Na majibu ya bibi yalikuja katika mfuko uleule wa nailoni, karatasi ikinukia migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, aliyoifungia pamoja nayo.

Mwenye boti inayokwenda Karema kabla ya tarehe 24, tafadhali anijulishe. Nina furushi la mama mdogo: kitenge, sukari kilo mbili, na barua. Nimeshaifunga mafundo mawili.