Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi za Jimbo la Oregon: duka la Kam Wah Chung na sisi wageni wa leo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Portland. Mimi ni mkalimani. Shughuli yangu ni kukaa katikati: daktari upande huu, mama aliyetoka Uvira, Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, upande ule, na mara nyingi wote wawili nawasikia kwa simu tu. Nakuandikia kuhusu Kam Wah Chung, nyumba ndogo ya mawe iliyo chini ya idara yako kule katika mji wa John Day, mwendo wa karibu saa tano kwa gari. Naandika hadharani kwa Kiswahili ili wenzangu nao wajue ninachoomba. Nakala ya Kiingereza italetwa ofisini kwako.

Wewe historia hii unaijua. Hapa nawasimulia wenzangu. Dhahabu ilionekana kwenye kijito cha Canyon Creek, karibu na hapo, mwaka 1862, na Wachina kutoka Guangdong wakaja kuchimba. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na waliokwisha kuingia wasipewe uraia. Mwaka 1885 mtaa wao katika mji jirani wa Canyon City ukaungua, wengi wakahamia John Day. Hapo ndipo vijana wawili, Ing Hay na Lung On, walipochukua jengo lililokuwa kituo cha biashara, wakafungua Kam Wah Chung.

Kulitaja kama duka ni kulipunja. Palikuwa pia hospitali, posta, benki, hekalu lao la ibada, na gesti ya asiye na pa kulala. Ndani ni giza, kuta zimepiga weusi wa moshi, na mlangoni alama za risasi bado zinaonekana. Madhabahu ipo, vitanda vya mbao vipo, na nyuma ya kaunta dawa zimepangwa kwenye makopo na visanduku, zaidi ya aina 500 za mitishamba na vinginevyo. Ing Hay aliondoka mwaka 1948 baada ya kuvunjika nyonga, akafariki 1952. Jengo likafungwa, mji ukalisahau, na lilipofunguliwa tena mwaka 1967 kila kitu kilikuwa mahali pake. Heri kusahauliwa hivyo. Lingekumbukwa mapema, pengine wangelipaka rangi.

Kila anayesimulia habari za nyumba hii humtanguliza Ing Hay, na ana haki yake. Alikuwa akishika kifundo cha mkono, anasikiliza mapigo, anakwambia unaumwa nini, na Wazungu walimjia kutoka mbali. Chini ya kitanda chake zilikutwa hundi za wagonjwa ambazo hakuwahi kuzipeleka benki, za takriban dola 23,000. Inasemekana aliwaonea huruma.

Mimi lakini nilimtafuta Lung On. Huyu ndiye aliyekuwa na Kiingereza. Aliwatafutia wenzake kazi za kibarua, akawaandikia barua wasiojua kuandika, akawasomea zilizotoka kwao, akawasemea mbele ya wenye mamlaka. (Baadaye akauza magari, na mbio za farasi alizipenda mno.) Katika nyumba ile yaliachwa maelfu ya karatasi, nikawa najiuliza ni ngapi zilipita mikononi mwake kwanza. Najua uzito wa kumsomea mtu mzima barua ya mke wake. Unaanza wewe kujua habari ya msiba, na yeye bado anakutazama usoni. Lung On mwenyewe alikuwa na mke China na hakurudi. Alifariki mwaka 1940, miaka mitatu kabla ya sheria ile ya 1882 kufutwa.

Sasa ombi langu. Naomba kijitabu cha Kiswahili, kurasa chache tu, cha kumpa mgeni anapofika. Na ndani yake Lung On apewe nafasi sawa na mwenzake. Najua ofisini mtauliza ni Waswahili wangapi wanaofika John Day. Wachache, na sitakudanganya. Lakini mbebaji mizigo wa ghala la Portland, ambaye mtoto wake wa miaka kumi ndiye msomaji wa barua za serikali nyumbani, hahitaji kuelezwa sana habari za nyumba ile. Akijua ipo, na akijua atasoma mwenyewe bila kumtegemea mtoto, atatafuta gari.

Tafsiri nitaifanya mimi, bila malipo, na nitatafuta mzee wa Kikongo na mwalimu wa Kitanzania waipitie, kwa kuwa Kiswahili chetu hakifanani. Idara itoe maandishi yaliyohakikiwa na gharama ya kuchapa. Kwa kawaida jengo hufunguliwa kwa wageni kuanzia Mei. Nikipata maandishi kabla ya Januari kwisha, tutawahi msimu.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa Kiswahili, Portland