Video Inakatakata Baada ya Kubadilishwa Fomati: Anza kwa Kujua Kasoro Iko Wapi

Lalamiko linalotufikia kuliko mengine yote ni hili: "Faili la mwanzo lilikuwa likicheza vizuri, nimelibadilisha kuwa MP4, sasa picha inakatakata." Wengine huona picha imeganda huku sauti ikiendelea. Wengine huona picha inakwenda lakini kwa kushtukashtuka, hasa kamera inapozunguka au mtu anapokatiza mbele yake. Wengi hulibadilisha tena, wakapata tatizo lile lile, wakatafuta programu nyingine, na mwishowe wanabadilisha nakala ya nakala. Kufikia hapo picha imeshapoteza ubora, na mara nyingi faili la asili limeshafutwa ili kupata nafasi kwenye diski.

Hilo la kufuta ndilo linalotusikitisha zaidi. Tafadhali, usifute faili la asili mpaka uwe umeitazama nakala mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwenye kifaa kile kile utakachoitumia. Karibu kila kasoro tunayoieleza hapa inatibika faili la asili likiwepo. Likikosekana, nyingine hazitibiki kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: kasoro imo ndani ya faili, au ni kifaa kinachoshindwa kulicheza? Kwa macho mambo haya mawili yanafanana sana, ila dawa zake ni tofauti. Faili likiwa zima na kompyuta ndiyo iliyoelemewa, hata ulibadilishe mara ngapi kwa mipangilio ile ile, hutapata nafuu.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Nakili faili kwenye diski ya ndani ya kompyuta, lifungue kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kisha bonyeza Ctrl na J. Litatokea dirisha la taarifa za kodeki (njia iliyotumika kubana picha au sauti), na ndani yake kuna ukurasa wa takwimu unaohesabu fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizoonyeshwa na fremu zilizopotea. Iache video icheze, huku ukiangalia hesabu hiyo. Zilizopotea zikiongezeka kila picha inapokwama, kwa kawaida maana yake ni kwamba kompyuta inaachwa nyuma. Zikibaki sifuri na picha bado inashtuka, basi kasoro imeshaingia ndani ya faili lenyewe.

Kuna kipimo cha pili, nacho tunakipenda zaidi kwa sababu unajionea mwenyewe. Simamisha video mahali penye mwendo wa mfululizo, tuseme mpira unaobingirika kutoka upande mmoja wa skrini hadi wa pili. Bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, VLC inasogeza fremu moja tu. Mpira unasogea, unasogea, unasogea, unasogea, unasogea, halafu unabonyeza tena na mpira haujatikisika. Unaendelea, na baada ya hatua nyingine tano unasimama tena. Ukiona hivyo, hiyo ni video ya fremu 25 kwa sekunde iliyolazimishwa kuwa 30.

Kasi ya fremu

Hiki ndicho chanzo tunachokikuta mara kwa mara, na ndicho watu wanachokishuku mwisho. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL zilitumia 25, na za NTSC zikatumia 29.97, ambayo wengi huizungumzia kama 30. Simu nyingi hurekodi kwa 30 au 60. Programu nyingi za kubadilisha video zina mpangilio uliowekwa tayari, aghalabu 30, na usipougusa unatumika kwa kila faili bila kujali lilirekodiwaje.

Ukipeleka 25 kwenye 30, programu haina pa kutoa fremu tano za ziada, kwa hiyo inarudia zilizopo. Ukipeleka 24 kwenye 30, fremu moja inarudiwa kila baada ya nne. Ukirudi kinyume, kutoka 30 kwenda 25, fremu moja kati ya kila sita inatupwa na mwendo unaruka. Kutoka 60 kwenda 30 hakuna shida kubwa: inatupwa moja, inabaki moja, mwendo unapungua ulaini lakini hatua zake zinabaki sawa. Kinachoumiza jicho ni hatua zisizolingana, hata idadi ya fremu ikiwa kubwa.

Dawa yake ni kurudi kwenye faili la asili na kuchagua kasi ile ile liliyo nayo. Fremu zilizorudiwa huweza kuondolewa baadaye iwapo mpangilio wake haujavurugika. Zilizotupwa hazirudi.

Video za simu zina jambo lake la pekee. Simu nyingi hazishiki kasi moja mwanzo hadi mwisho. Penye mwanga hafifu, simu inaweza kupunguza kasi ili kila fremu ipate muda mrefu zaidi wa kupokea mwanga. Rekodi za skrini nazo mara nyingi huwa hivyo. Faili linahifadhi muda wa kila fremu, na kicheza video kinafuata muda huo. Ila programu inayodhani kwamba fremu zote zimeachana kwa umbali sawa itazipanga upya kwa makosa: picha inashtuka, na sauti inaanza kupishana na midomo, kidogo mwanzoni, zaidi kadiri video inavyosonga. Ukiona sauti na picha vinaachana hivyo taratibu, hapa ndipo pa kuanzia.

Kulithibitisha, fungua faili la asili kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha kama kasi ya fremu inabadilika au haibadiliki. Ikiwa inabadilika na unatumia HandBrake, programu ya kubadilisha video, nenda kwenye ukurasa wa video, weka 30 au 60 kulingana na simu ilivyopangiwa, kisha weka alama kwenye Constant Framerate. Sehemu za giza zitakuwa na fremu zilizorudiwa, lakini kila fremu itakaa kwenye muda wake na sauti haitahama.

Faili ni zima, kifaa hakiliwezi

MP4, MKV na MOV ni majina ya makasha. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, na sauti iliyobanwa kwa nyingine. Ndiyo maana mafaili mawili yanayoishia na .mp4 yanaweza kukipa kifaa mizigo tofauti kabisa. H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003, inasimbuliwa (inafunguliwa ili ichezwe) na chipu ya karibu kila simu, televisheni na kompyuta inayotumika leo. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilitoka mwaka 2013. Inabana zaidi, lakini kazi ya kuisimbua ni nzito zaidi. AV1 ilitoka mwaka 2018, na chipu zinazoisimbua ni za miaka ya karibuni: kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11, kwa kadi za NVIDIA, kuanzia RTX za mfululizo wa 30.

Kifaa kikikosa chipu inayofaa, kazi yote inaangukia prosesa. Feni inaanza kuvuma, betri inashuka haraka, na fremu zinapotea penye mwendo mwingi. Kwa hiyo mtu aliyechagua HEVC au AV1 ili faili liwe dogo, kisha akalipeleka kwenye kompyuta ya zamani, ameokoa nafasi na kupoteza uchezaji.

Mtego usiojulikana sana ni wa biti 10, yaani video yenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko ile ya kawaida ya biti 8. Baadhi ya simu hurekodi HEVC ya biti 10 kwa ajili ya HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza), na hilo ni sawa, kwa kuwa chipu nyingi za sasa zinaiweza. Lakini ukiibadilisha kwenda H.264 na programu ikaachwa ibakize biti 10, unapata H.264 ambayo chipu nyingi haziisimbui kabisa. Mteja anatuambia, "Nilichagua H.264 kama mlivyoshauri, na bado inakwama," nasi tukiifungua kwa MediaInfo tunakuta ni biti 10. Ichague ya biti 8.

Kwa televisheni ya zamani kidogo, angalia pia kiwango (level) cha H.264, kinachoweka mipaka ya ukubwa wa picha na kasi ya fremu. Nyingi zinaishia 4.1, kiwango kinachotosha picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 30. Video ya ukubwa huo yenye fremu 60 inahitaji 4.2, na hapo televisheni inaweza kukwama ingawa simu yako inaicheza bila wasiwasi. Tukiombwa nakala ya kuchezwa popote, tunatoa H.264 ya biti 8, kiwango 4.1, 1080, fremu zisizozidi 30, na sauti ya kodeki ya AAC.

Wingi wa data nao huleta shida, ingawa si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Ukiuvuta ubora hadi mwisho, programu inaweza kutoa faili kubwa kuliko la asili bila picha kuwa nzuri zaidi. Televisheni nyingi zina tundu la kebo ya mtandao la megabiti 100 kwa sekunde. Faili lenye wastani wa megabiti 60 linaweza kuvuka kikomo hicho kwenye matukio yenye maji yanayorusha matone au majani yanayopeperuka. Kama inakwama hapo tu, na kwenye diski ya kompyuta inacheza vizuri, punguza wingi huo.

Pengine hukuhitaji kubana upya

Watu wengi wanaobadilisha MKV kuwa MP4 walihitaji kasha jipya tu. Kama ndani mna H.264 na AAC, picha na sauti zinaweza kuhamishwa zilivyo, bila kupoteza hata nukta moja ya ubora. Kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i asili.mkv -c copy mpya.mp4

Kazi hiyo huisha kwa muda mfupi, kwa kuwa hakuna kinachobanwa upya, na kasi ya fremu inabaki ilivyokuwa.

Kanda za zamani

Rekodi za kanda hubeba kila fremu katika nusu mbili za mistari, zilizonaswa kwa nyakati mbili tofauti. Kwenye PAL, fremu 25 ni nusu 50. Programu ikikosea mpangilio wa nusu hizo, vitu vinavyosogea vinaonekana kwenda mbele na kurudi nyuma, kama vinatetemeka. Rekodi za DV (kanda za kamera za kidijitali) huanza na nusu ya chini, ilhali nyingi za 1080i (picha ya mistari 1080 iliyogawanywa kwa nusu hizo) huanza na ya juu, na programu isipoambiwa inaweza kukisia vibaya. Nusu hizo zitenganishwe kabla ya kubadilisha ukubwa wa picha, na ikiwezekana zitolewe kama fremu 50 kamili ili mwendo wote ubaki. Ukipunguza ukubwa kwanza, mistari ya nusu mbili inachanganyika, na hapo hatuna namna ya kuirudisha. Kwa rekodi za familia zisizo na nakala nyingine, tunakuomba usijaribu kabla ya kuuliza.

Ukitaka tukusaidie, tutumie faili la asili pamoja na lile lililobadilishwa. Yakiwa makubwa mno, kipande cha sekunde 30 kutoka kila moja kinatosha, mradi kiwe na sehemu ile inayokwama na kiwe kimekatwa bila kubanwa upya. Tuandikie pia jina na toleo la kifaa unachochezea, kama unatumia flashi au mtandao, na dakika ambayo tatizo linaanza kuonekana.