Aliyetia muziki naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Alhamisi iliyopita usiku, redio moja ya hapa mjini ilipiga Al-Atlal ya mama Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, yote, mwanzo mpaka mwisho bila ya kuikata. Siku hizi jambo hilo ni nadra, na kwa hilo nawashukuru. Lakini kijana mtangazaji alipokuwa anafunga kipindi akatuambia kwamba wimbo ule mama "aliutunga mwenyewe". Kikombe cha chai kilikuwa mkononi, nikakiweka chini.

Maneno yale ni ya Ibrahim Nagi, daktari aliyekuwa mshairi, na beti nyingine zimetolewa katika shairi jingine la Nagi huyo huyo. Yeye alifariki 1953, wimbo ukaimbwa 1966, kwa hiyo hakuwahi kuusikia. Muziki umetiwa na Riad al-Sunbati.

Kijana simlaumu sana, maana Sunbati mwenyewe hakuwa mtu wa kujitokeza. Alizaliwa 1906 Faraskur, kwenye delta ya Nile, akakulia Mansoura, baba yake mwimbaji, na ala ya udi akaishika mapema. Alianza kumtungia Umm Kulthum katikati ya miaka ya 1930, Redio ya Misri ndiyo kwanza imefunguliwa, na mwaka 1972 alikuwa bado anamtungia. Watunzi wenzake walikuja wakapita. Zakariyya Ahmad na mama walifikishana mahakamani. Mohamed al-Qasabgi, aliyempa nyimbo za ajabu ujanani, zamu yake ya kutunga ilikwisha, akabaki amekaa nyuma yake akimpigia udi mpaka alipofariki 1966. (Hilo kila nikilikumbuka huniuma.) Mohamed Abdel Wahab, pamoja na ukubwa wake wote, nyimbo zake kwa mama zilianza 1964. Sunbati miaka yote hiyo yupo.

Kilichomweka, kwa maoni yangu, ni kasida, yaani shairi la Kiarabu fasihi lililotiwa muziki. Kiarabu cha mashairi ni kizito, kina vipimo vyake, na mtiaji muziki asiyejua shairi hulivunja mbavu. Sunbati alilisoma kwanza. Mimi nimepiga fidla katika klabu ya taarab kwa miaka thelathini na kitu, na muziki wa Misri tulijifunza kwa sikio. Mwalimu wetu alikuwa akiweka santuri, anaachia kipande, anainua sindano, anatuimbia, kisha anairudisha pale pale. Tulipofika kwenye ule mstari ambao mpenzi anaomba arejeshewe uhuru wake na afunguliwe mikono, tukawa tunaukimbilia kwa pupa, kila mtu anataka fidla yake isikike. Mwalimu akatuzuia. "Hapo nyinyi mnamjibu," alisema, "mkishamjibu mpisheni." Usiku ule ndipo nilipofahamu kazi ya Sunbati. Ile nafasi mama anayoitumia kurudiarudia mstari, huku ukumbi unapiga kelele, ameachiwa na mtu anayejua atakachokifanya ndani yake.

Tena hakuwa wa kumwitikia tu. Inasimuliwa kwamba wimbo huu huu waliuzozania: mama akitaka kumalizia kwa sauti ya chini, Sunbati akashikilia kwamba lazima amalizie juu, na kazi ikalala muda mrefu kwa sababu hiyo. Ukisikiliza mwisho wake utamsikia anavyopanda. Kwa hesabu nyingi za umri wa mama, maana watu hawakubaliani alizaliwa lini, alikuwa ameshavuka miaka sitini. Mwanamke mwenye sauti ile, mbele ya Misri nzima, alikuwa na haki ya kuogopa. Aliyemjua koo lake kwa miaka thelathini hakuogopa.

Na hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Kwenye taarab mwimbaji ndiye anayetunzwa: watu wanainuka, wanakwenda kwa madaha, noti zinawekwa mkononi, nyingine zinabandikwa kwenye paji la uso. Aliyetia muziki yuko mstari wa nyuma, fidla kidevuni, anaangalia. Tulikuwa tukitaniana klabuni kwamba mtunzi ndiye asiyetunzwa. Sidai noti, zimeshanipita. Nadai jina, na jina ni sekunde tano tu za hewani. Redio ya Cairo, ilipokuwa ikirusha matamasha ya mama ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mtangazaji wake hakuona tabu kumtaja mshairi na aliyetia muziki kabla pazia halijafunguliwa.

Nimesikia Alhamisi ijayo watapiga Rubaiyat za Khayyam, mshairi wa Uajemi. Aliyezitoa Kiajemi akazitia Kiarabu ni Ahmad Rami, na muziki ni wa Sunbati yule yule. Nimemwandikia kijana majina yote mawili kwa herufi kubwa, na jana nimepita kuiacha karatasi mapokezi.

Mpiga fidla mstaafu,
Ng'ambo, Unguja